Kabla Hujanunua MIG, Muulize Mhunzi

Swali linaloingia kwenye DM zangu kuliko lingine lolote ni hili: "Buda, kuna gari kuukuu hapa nyumbani nataka kulifufua. Ninunue MIG gani?" Wengine hutuma kabisa picha za mashine tatu kutoka duka la mtandaoni, bei imezungushiwa duara nyekundu, halafu wanasubiri nipulize kipenga kama refa. Wako Nairobi, wako Eldoret na Kitale, na wachache wako huku kwetu Malakisi.

Nitajibu, na nitataja namba. Lakini kwanza nipe dakika kadhaa za historia, kwa sababu maoni yangu ni haya: anayenunua MIG isiyomfaa mara nyingi hajashindwa kuelewa mashine. Ameshindwa kujiuliza kwa nini fundi wa mtaa wao hana mashine hiyo. Fundi huyo amechomelea mageti, mikokoteni na chesisi za matatu miaka yote kwa rodi, na vijana wa video fupi wanamcheka eti amebaki nyuma. Hajabaki nyuma. Ana sababu zake, na sababu hizo hizo zitakungoja mlangoni siku mzigo wako ukishushwa kwenye bodaboda.

Maswali matatu ya mhunzi

Kuunganisha chuma hakukuletwa na stima. Magharibi ya Kenya ilikuwa nchi ya wahunzi tangu zamani. Wasamia, kule kwenye vilima vya karibu na Ziwa Victoria, waliyeyusha mawe yenye chuma, na majembe yao yakasafiri mbali kibiashara. Jembe lilikuwa mali, mtu aliweza hata kulitoa kwa mahari. Kwetu Wabukusu mhunzi hakuwa mtu wa kupita tu kijijini. Ukitaka ushahidi unaosikika kwa masikio, ngoja Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wakianza kutembea kualika watu kwenye tohara. Zile chinyimba mikononi mwao, zinazogongwa kwenye bangili za chuma mpaka mtaa mzima unajua nani anakuja, ni kazi ya mtu aliyejua moto.

Wahunzi duniani kote waliunganisha vipande viwili vya chuma kwa njia moja: makaa, mvukuto, chuma kinapashwa mpaka kinakaribia kuyeyuka, kisha nyundo inafanya kazi haraka kabla hakijapoa. Ukiangalia vizuri, mhunzi alikuwa na maswali matatu. La kwanza, joto nitalitoa wapi? La pili, hewa nitaizuia vipi? Chuma chenye moto mkali kikikutana na hewa hufanya ganda, na kiungo hakishiki. La tatu, nitapashaje bila kuunguza kipande chenyewe, hasa kikiwa chembamba?

Shika hayo matatu: joto, hewa, wembamba. Kila mashine ya kuchomelea iliyowahi kutengenezwa ni jibu la maswali hayo, MIG ikiwemo. Ukielewa hapo, hakuna muuzaji atakayekuchezea.

Reli, Kalasinga na kabaidi

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Waingereza walileta vibarua na mafundi kama 32,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki ndio walioanzisha karakana nyingi za miji yetu: seremala, mhunzi wa reli, fundi wa injini. Watu wakawaita mafundi wa Kisingasinga "Kalasinga", na jina hilo bado liko midomoni mwa wazee. Katika miaka ya 1920 reli nyingine ilipita Eldoret na Bungoma kuelekea Uganda, na tawi la Kitale likafunguliwa 1926. Palipo na reli pana karakana, na palipo na karakana pana kijana anayeshikilia taa huku akiiba ujuzi kwa macho.

Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kiitwacho The African Artisan, kilichotoka 1977, na jambo moja kubwa analoonyesha ni hilo: ujuzi mwingi wa chuma wa Wakenya ulipita kwenye karakana za Wahindi. Mtu aliingia kama kibarua, akawa spana boi, akatoka fundi. Cheti hakikuwepo. Darasa lilikuwa sakafu yenye oili.

Karakana hizo zilichomelea kwa gesi. Ufundi wa kuchanganya oksijeni na asetilini ulikamilishwa Ufaransa karibu 1903 na Edmond Fouché na Charles Picard. Huku kwetu kampuni ya East African Oxygen ilisajiliwa 1940. Ndiyo leo inaitwa BOC Kenya. Oksijeni ilikuja kwa mtungi, lakini asetilini fundi aliweza kuizalisha mwenyewe kwa kumwagia maji kabaidi ndani ya tangi. Nina hakika umewahi kuisikia harufu yake, ile inayofanana na kitunguu saumu kilichooza.

Sasa yapime majibu. Joto linatoka kwenye gesi, kwa hiyo stima haihitajiki. Hewa inazuiwa na mwali wenyewe unaofunika kiungo. Wembamba? Gesi inaweza kuchomelea bati jembamba vizuri sana, na mafundi wa zamani wa bodi za magari walitengeneza maajabu nayo. Shida ni kwamba joto lake linasambaa. Ukishona mlango wa gari kwa gesi bila uzoefu, unapata mlango uliojikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Fundi mzuri alijua kuunyoosha tena kwa nyundo na maji baridi. Ujuzi huo huwezi kuununua kwa M-Pesa.

Rodi, mashine iliyozaliwa kwa ajili ya jua kali

Kuchomelea kwa stima kulianza Ulaya. Nikolai Benardos alitumia fimbo ya kaboni mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha Nikolai Slavyanov akatumia fimbo ya chuma inayoyeyuka yenyewe mwaka 1888. Lakini viungo vyao vilikuwa dhaifu kwa sababu ya swali la pili: hewa. Aliyelijibu ni Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904. Alikuwa na kazi ya kuziba mitungi ya mvuke iliyovuja kwenye meli, akagundua kwamba ukiipaka rodi unga maalumu, unga huo ukiungua hutoa moshi na ganda linalofunika chuma mpaka kipoe. Lile ganda jeusi unalogonga na nyundo baada ya kuchomelea geti ndilo hilo. Tazama vizuri: rodi ilizaliwa kutokana na kazi ya kurekebisha vitu vya zamani. Si ajabu ikapata makao kwetu.

Stima nayo ina historia yake. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, na kufikia 1958 umeme wake ulikuwa unavuka mpaka kutoka Tororo, ukipita huku kwetu magharibi mpaka Juja karibu na Nairobi. Ulipita juu ya vichwa vya kuka zetu kwenda kuwasha jiji. Kuuona waya ukipita na kuwa na stima nyumbani ni mambo mawili tofauti. Kwa vijiji vingi vya Bungoma stima ya kweli ilikuja miaka mingi baadaye, na mpango wa serikali wa Last Mile ulianza 2015 tu. Kabla ya hapo stima ilikuwa ya mji, ya soko, ya kiwanda.

Na viwanda vilikuwepo. Malakisi ilikuwa na kinu cha kuchambua pamba na baadaye kituo cha kununua tumbaku. Webuye ikapata kiwanda cha karatasi cha Panpaper, kilichoanza uzalishaji 1974. Nzoia Sugar ikaanza kusaga miwa 1978. Kiwanda cha sukari ni mabomba, matangi na roli zinazoliwa na miwa kila siku. Hakiwezi kuendelea bila watu wa kuchomelea. Fundi aliyejifunza huko alirudi na ujuzi wa rodi sokoni kwao.

Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya ililifanya neno "sekta isiyo rasmi" lijulikane dunia nzima. Sisi tulikuwa na jina bora zaidi: jua kali. Na mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuahidi kuwajengea vibanda, jina hilo likaingia serikalini.

Hebu litafakari jina lenyewe. Jua kali maana yake unafanya kazi nje. Nje kuna upepo. Na hapo ndipo unaelewa kwa nini rodi ilishinda. Kinga yake dhidi ya hewa imepakwa kwenye rodi yenyewe, haipeperushwi. Mashine yake ni transfoma tu, koili na chuma. Zingine zilizungushwa kwa mkono na mafundi wa hapa hapa nchini, bila hata kifuniko. Ikiharibika inafunguliwa chini ya mti. Rodi zinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, hata moja moja. Huo ni uhandisi unaolingana na mahali.

Rodi inafeli kwenye swali la tatu, wembamba. Rodi ya kawaida ya milimita 2.5 inataka ampea kama 70 mpaka 90. Bati la bodi ya gari lina unene wa karibu milimita 0.7 mpaka 1. Ukigusa, unatoboa. Ukiziba tundu, unalipanua. Kwa hiyo fundi anafanya linalowezekana: anaweka kiraka kinene juu ya kutu, anakipigia nukta za rodi, anasawazisha na fila, anapaka rangi. Gari linatoka linang'aa. Baada ya mvua mbili za Mlima Elgon kutu inachungulia tena.

MIG ilitoka wapi

MIG ilibuniwa Marekani mwaka 1948 katika taasisi ya utafiti ya Battelle, kazi ikifadhiliwa na kampuni ya Air Reduction. Wazo lake ni rahisi: badala ya rodi, tumia waya mwembamba unaosukumwa na mota bila kukoma, na badala ya unga, puliza gesi isiyoungana na chuma, kama argoni, kuzunguka kiungo. Mwanzoni ilikuwa ya aluminiamu, na gesi ilikuwa ghali mno kwa chuma cha kawaida.

Mwaka huo huo wa 1948 Malakisi inaukumbuka kwa sababu nyingine. Tarehe 10 Februari polisi wa mkoloni walifyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, na watu 11 wakauawa. Ninataja si kwa kulazimisha uhusiano. Ninataja kwa sababu kila tukisema teknolojia "ilichelewa" kutufikia, tunaongea kana kwamba tulikuwa tumelala. Hatukuwa tumelala. Watu wa hapa walikuwa na vita vyao vya kupigana, na maabara, viwanda na stima viliwekwa pale mkoloni alipotaka viwe.

Mwaka 1953 wataalamu wa Kisovieti Lyubavskii na Novoshilov walionyesha kwamba CO2, gesi ya bei rahisi, inaweza kuchukua nafasi ya argoni kwenye chuma. Kitaalamu ukitumia CO2 inaitwa MAG, lakini dunia nzima imeendelea kusema MIG. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ukaja ufundi wa kutumia waya mwembamba na ampea chache, ambapo waya unagusa, unakatika, unagusa tena mara nyingi kwa sekunde. Hapo ndipo bati jembamba likapata dawa yake, na viwanda vya magari vikaikumbatia MIG.

Kwa hiyo MIG ni mtoto wa kiwanda. Imezaliwa ndani ya kuta, pasipo upepo, penye stima thabiti na gesi inayoletwa na lori kila wiki. Ukiileta chini ya mwembe Malakisi bila kufikiria, itakusumbua. Haina ubaya wowote. Imetoka tu kwenye mazingira mengine.

Na magari tunayotaka kuyafufua?

Huku kwetu orodha ni fupi na tamu: Peugeot 404 na 504, Datsun, Land Rover, Toyota za zamani. Peugeot ina heshima yake. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. 504 ilizinduliwa 1968, ikashinda Safari 1975 na 1978, na iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa inatakiwa, biashara ya usafiri ikafunguka, na Peugeot za viti vingi zikawa mfalme wa barabara za magharibi. Ziliponda mawe, zikabeba magunia, kuku, wagonjwa na maharusi.

Mwaka 1986 serikali ilikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa mbwembwe, na haikuwahi kufika sokoni. Wakati huo huo mafundi wa jua kali, bila hotuba, waliendelea kuhakikisha magari ya miaka ishirini yanafika Lwakhakha siku ya soko. Kwangu mimi hiyo ndiyo sekta ya magari ya Kenya ambayo haijawahi kufungwa.

Leo magari hayo yanaenda kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani, mzee anahesabiwa noti chache, na 504 iliyosomesha watoto sita inakatwa vipande. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti ya stima kuharibiwa, lakini kabla ya katikati ya mwaka biashara ilirudi. Mizani inatembea. Ndiyo maana swali la MIG si la mchezo. Kila gari linalokatwa, linakatwa kwa sababu mtu aliambiwa "bodi imeisha." Bodi ndiyo inaua magari haya. Injini inaweza kufunguliwa na kufungwa tena. Sakafu iliyooza inataka mtu wa kuchomelea bati jembamba. Na watu hao ni wachache.

Haya, sasa tununue

Tunarudi kwa mhunzi na maswali yake matatu.

Joto, yaani stima. Nyumbani una volti 240, laini moja, na soketi ya ampea 13. Soketi hiyo inatoa kama kilowati 3. Mashine iliyoandikwa "200A" ukiisukuma mpaka mwisho inaweza kutaka zaidi ya kilowati 5, soketi haitavumilia. Lakini kwa bodi ya gari utafanya kazi kwenye ampea 30 mpaka 70, na hapo inveta nzuri inakula karibu kilowati 1 tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo usinunue mashine kwa namba yake ya juu. Uliza namba ya chini: inashuka mpaka ampea ngapi na bado inawaka kwa utulivu? Ikishuka mpaka 30, hiyo ni mashine ya bodi. Ikianzia 60, hiyo ni ya mageti.

Kijijini kuna jambo lingine: ukiwa mwisho wa laini, jioni volti zinashuka taa zikawa manjano. Transfoma ya zamani itadhoofika, na inveta nyingine zitazima. Tafuta inveta ambayo mtengenezaji ameandika inavumilia volti za chini, tumia ekstensheni fupi yenye waya mnene, na chomelea asubuhi.

Hewa, yaani gesi. Hapa ndipo wengi wananaswa. Kabla hujalipa hata bob moja ya mashine, tafuta mtu atakayejaza mtungi wako. Bungoma yupo? Kitale? Au ni mpaka Eldoret? Mtungi ni wa kuuza au wa kukodi, na nauli ya kuupeleka ni ngapi? Kwa chuma unataka mchanganyiko wa argoni na CO2, au CO2 tupu ambayo ni nafuu, ila inarusha cheche zaidi. Hesabu ni rahisi: mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa kwa shinikizo la baa 150 una gesi kama lita 1,500. Ukitumia lita 10 kwa dakika, una dakika 150 za moto. Zinatosha sakafu nzima ukiwa na mpango, na hazitoshi kitu ukifanyia mazoezi yote hapo.

Usipopata gesi, kuna waya wenye unga ndani yake, ule wa "gasless". Huo ni rodi iliyogeuzwa waya: unajikinga wenyewe, unafanya kazi nje kwenye upepo. Kasoro yake ni moto mkali zaidi na cheche nyingi, kwa hiyo kwenye bati jembamba unataka mkono mwepesi. Pia lazima ubadilishe nguzo ndani ya mashine: waya wa gesi hukaa chanya, wa gasless hukaa hasi. Mashine isiyokuruhusu kubadilisha, iache dukani.

Wembamba, yaani waya. Kwa bodi nunua waya wa milimita 0.6, au 0.8 ukikosa. Hakikisha roli za kusukuma waya zina mfereji wa ukubwa huo huo. Angalia pia kama tochi na vichwa vyake ni vya aina ya kawaida, ili kimoja kikiungua usisubiri wiki tatu meli itoke China.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: inveta ya ampea 160 mpaka 200, inayoshuka mpaka 30, inayofanya gesi na gasless, yenye sehemu ya kubadilisha nguzo, na ikiwezekana iwe na uwezo wa rodi pia. Rodi? Ndiyo. Chesisi ya pikapu na bracketi nene bado ni kazi ya rodi, hasa nje. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Halafu tumia kichwa. Usivute mstari mrefu kwenye bati. Piga nukta, ruka mbali, piga nyingine, acha ipoe, rudi ujaze. Kata kutu yote mpaka ufikie chuma kizima kabla ya kuweka kiraka. Toa betri. Toa tangi la petroli, usilifunike tu na gunia. Bati lenye zinki lichubue kwanza, moshi wake unaumiza. Na tafadhali, miwani ya jua si kinga. Ule usiku wa macho yanayowaka kama yametiwa mchanga ni jeraha halisi.

Usicheke rodi

Kuna jambo moja ambalo DM hazijawahi kuniuliza, nami naliona kubwa kuliko mashine. Ukiwa na MIG nyumbani, nani anajua kusoma dimbwi la chuma kilichoyeyuka? Nani anajua kwa kusikia tu kwamba kiungo kimeshika? Si wewe, na mwaka huu pengine si mimi. Ni yule mzee wa rodi. Mikono yake tayari imeshajifunza yale mawili magumu, joto na hewa. Amekosa la tatu tu kwa sababu vifaa havikuwahi kumfikia.

Waswahili wana methali: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kizazi chetu kimepata kitu ambacho spana boi wa 1960 hakukipata: stima ya nyumbani, inveta inayobebeka kwa mkono mmoja, na video za dunia nzima. Lakini tumepoteza kitu alichokuwa nacho, miaka mitatu ya kusimama kando ya fundi. Mimi naona biashara ya haki iko hapo. Beba mashine yako, uende kwake. Mwambie, "Mzee, hii inashona bati jembamba, nifundishe mkono." Yeye atapata mashine ambayo hangeinunua, wewe utapata ujuzi ambao haungeupata mtandaoni. Mkielewana, na akitaka, msindikize akafanye ile mitihani ya gredi ya NITA ili ujuzi wake uwe na karatasi.

Wasee wanne wakichanga pesa za mashine moja na mtungi mmoja, wakamweka mzee mmoja kama mwalimu, mji mdogo kama wetu unapata karakana ya bodi. Wakinunua mashine nne za bei rahisi, kila mtu kwake, bila gesi wala mwalimu, tutakuwa na masanduku manne yenye vumbi chini ya vitanda, na mnunuzi wa vyuma chakavu hatakuwa na haraka. Anajua magari hayaendi popote.